BARUA YA WAZI KWA MKUU WA WILAYA: BIKONI ZA MALISHO ZIKO WAPI?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kwa umri wewe ndiye wa kunipa mimi shikamoo, ila kwa kiti ulichokalia acha nianze mimi. Shikamoo mheshimiwa, na pole na majukumu. Najua una mengi, kuna mwenge, kuna madarasa, kuna minada ya ufuta, kuna wageni wa mkoa. Barua za kawaida nimeshaleta ofisini kwako, zimegongwa muhuri wa kupokelewa na zimelala hukohuko, dada wa masjala siku hizi akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Kwahiyo hii naiandika hapa mbele za watu, labda itatembea.

Wiki iliyopita ng'ombe zangu wamekamatwa tena.

Kijana wangu alikuwa anawashusha mtoni Mbwemkuru kwa njia ileile tunayopita kila kiangazi, njia ambayo kwenye ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji imechorwa kabisa na imeandikwa NJIA YA MIFUGO. Ramani yenyewe ipo ukutani ofisi ya kijiji, imebandikwa nyuma ya mlango, mlango ukiwa wazi huioni, na saa za kazi mlango uko wazi. Sasa kijana kufika bondeni anakuta njia yote imelimwa ufuta, umeshakatwa na kusimamishwa mafungumafungu ukauke, kushoto ufuta kulia ufuta, hakuna jiwe wala mti wenye rangi wa kumwambia pita hapa usipite hapa. Ng'ombe wenye kiu wakishapata harufu ya maji hushindani nao. Wakapita. Na ufuta uliokauka ukiguswa tu vijumba vinapasuka mbegu zote chini, huwezi kuokota ufuta mchangani, kwahiyo hasara ya yule mkulima ni ya kweli na mimi sibishi.

Mgambo wakaja na pikipiki. Ng'ombe sitini na kitu wakaswagwa mpaka kwenye boma la miti nyuma ya ofisi ya kata, boma halina birika halina kivuli. Kijana akachapwa fimbo za mgongo, hilo naliacha kwanza maana nikilianza sitamaliza. Nilipofika jioni nikaambiwa ni faini, elfu hamsini kwa kila kichwa, nje ya fidia ya mkulima, na kila siku inayolala inaongezeka pesa ya ulinzi. Ulinzi wa nini sijui, maana usiku ule aliyelala pale na ng'ombe ni mimi na mdogo wangu, mlinzi hatukumwona.

Mheshimiwa sijui kama umewahi kuona ng'ombe anayenyonyesha akitengwa na ndama wake siku mbili. Chuchu zinavimba mpaka zinang'aa, maziwa yanaanza kudondoka yenyewe chini kwenye vumbi, na mama anakanyaga palepale huku anaita. Nyumbani ndama nao wanaita. Mke wangu aliwapa uji mwepesi kwa chupa ya soda, wengine walikunywa, wawili wadogo kabisa waligoma na wamekufa. Jike letu jekundu lenye pembe iliyokatika, ambalo ndilo lilikuwa linatupa maziwa ya kuuza, titi moja limeshaharibika halitoi kitu zaidi ya majimaji ya njano. Haya mambo kwenye faini hayapo. Faini ni ya kwangu tu kulipa.

Nililipa. Niliuza madume mnadani kwa bei ya mtu aliyebanwa, walanguzi wanajua kusoma uso, nikaleta pesa taslimu. Nikaomba kontrol namba. Wewe mwenyewe mheshimiwa ulisimama kwenye mkutano wa hadhara pale shule ya msingi ukasema pesa yoyote ya serikali isiyo na kontrol namba ni wizi na aliyetoa na aliyepokea wote wezi. Sasa mimi nimepewa karatasi ya daftari la mistari, imeandikwa kwa peni "amelipa faini ya mifugo", sahihi haisomeki, muhuri umekaa nusu. Nikaambiwa mashine ya risiti haina chaji. Nimeitunza, ukiihitaji nitaileta, na ukitaka kunikamata kwa kosa la kutoa pesa bila kontrol namba pia nitakuja, nauli ninayo bado kidogo.

Sasa nirudi kwenye ahadi maana ndio sababu ya barua. Mkutano ule ule uliahidi kwamba ndani ya mwezi mmoja mpima wa halmashauri atakuja, eneo la malisho na njia ya mifugo vitapimwa na kuwekewa bikoni, yani yale mawe ya mpaka, na aliyelima ndani atatoka baada ya kuvuna. Watu walipiga makofi, wakulima na wafugaji wote, video zipo kwenye simu za vijana. Ni kweli hukusema mwezi mmoja wa mwaka gani, hapo tulizembea kukuuliza. Ufuta wa mwaka ule ukavunwa, ukalimwa mwingine, ukavunwa, umelimwa na huu. Bikoni hata moja. Nilipouliza halmashauri nikaambiwa mpima hana mafuta, safari nyingine bajeti imeisha, safari nyingine mpima amehamishwa.

Na usione kama nang'ang'ania kitu cha ajabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataja malisho, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 ndiyo iliyoleta hizo ramani, alafu ikaja Sheria ya Maeneo ya Malisho na Vyakula vya Mifugo Namba 13 ya mwaka 2010, yani hilo jina tu linatosha kukwambia imetungwa kwa ajili ya nini. Sijasoma sana mheshimiwa, darasa la saba, ila haya nimesomewa na mwanangu mpaka nimeyashika.

Labda nikukumbushe pia sisi tumefikaje huku Lindi, maana kuna watu kila siku wanatuita wavamizi. Baba yangu alitoka Usukumani na ng'ombe zake miaka ya sabini akaingia bonde la Usangu kule Mbeya, mimi nimekulia kule. Mwaka 2006 mabwawa ya Mtera na Kidatu yakakosa maji, umeme ukawa wa mgao nchi nzima, na kila redio ikawa inasema ng'ombe wa Ihefu, ile ardhi oevu ya Usangu, wanakausha mto Ruaha. Hakuna aliyebisha kwamba ng'ombe wanakunywa maji. Ila yale mashamba makubwa ya mpunga ya juu kule Mbarali na Kapunga yenye mifereji ambayo mtu anaweza kuogelea, hayo redio haikuyataja kwa sauti ile. Na mto ulianza kukauka kiangazi tangu 1993. Operesheni ikaja, tukahesabiwa, tukatozwa, tukapakiwa, wengine kwa miguu wengine kwa fuso, serikali yenyewe ikasema nendeni Lindi nendeni Pwani kuna nafasi. Tume ya Jaji Othman Chande iliundwa 2007 kuangalia tulivyotendewa, ripoti yake mimi sijawahi kuiona na simjui mfugaji aliyewahi kuiona. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha kwa tangazo la serikali namba 28. Na mto bila sisi umeendelea kukauka kila kiangazi. Nani sasa anakunywa?

Basi tukaja. Kusini mbung'o walitupokea, ng'ombe waliokufa kwa nagana miaka ile ya kwanza walikuwa wengi kuliko waliofia njiani. Tukaahidiwa josho, tukaahidiwa lambo. Josho lilianza kujengwa, limesimama kuta, watoto wanachezea humo. Lambo lipo kwenye taarifa za utekelezaji nadhani, maana kuna kiongozi mmoja alikuja akauliza lambo liko wapi alipige picha, tukamwonesha porini tulipoambiwa litachimbwa, akapiga picha ya pori.

Kila akija mgeni anatuhutubia punguzeni mifugo fugeni kisasa. Mimi nimepunguza mheshimiwa, na wala sio kwa hotuba, nimepunguza kwa faini. Nilikuja na kundi ambalo kuhesabu jioni ilichukua muda mpaka giza, leo mtoto wa darasa la pili anamaliza kabla chai haijachemka. Kijana wangu wa kwanza anaendesha bodaboda mjini anasema ng'ombe hataki hata kuwasikia. Wa pili ndiye huyo aliyechapwa. Mimi mwenyewe nimelima ekari tatu za ufuta, Msukuma nimekuwa mkulima wa stakabadhi ghalani nasubiri mnada kama wenzangu Wamwera, sasa hapo mnataka nibadilike niwe nani tena? Nyumba ya bati nimejenga, watoto wapo sekondari, na yote hayo yametoka kwenye ng'ombe hawahawa wanaoitwa wa kizamani. Nionesheni huyo ng'ombe wa kisasa asiyekunywa maji nikamnunue.

Mwaka 2025 Rais alizindua kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, chanjo kwa ruzuku na hereni bure, nikasema afadhali, kwa hilo nashukuru kwa dhati bila utani. Ng'ombe zangu sasa wana namba sikioni, serikali inamjua kila mmoja kwa namba yake. Ila pale anapotakiwa kula majani hapajulikani. Inawezekanaje mkaweza kumpima ng'ombe anayetembea mkashindwa kupima ardhi iliyolala?

Kijana wa bodaboda huwa ananionesha kwenye simu habari za Wafulani wa Nigeria, nao ni watu wa ng'ombe kama sisi. Walikuwa na njia zao za mifugo tangu wakoloni, zikalimwa, zikajengwa, wakaanza kuuana na wakulima mpaka jimbo la Benue mwaka 2017 likatunga sheria ya kuzuia kuchunga kwa kuzunguka, na kuuana hakukuisha. Mwaka 2024 ndio Rais wao Tinubu akaunda wizara ya mifugo. Nikamwambia sisi wizara tunayo siku nyingi, tunachokosa ni mawe ya mpaka, akacheka. Mimi sikucheka kwasababu Kilosa naikumbuka, Desemba 2000 pale Rudewa waliuawa watu zaidi ya thelathini kwa siku moja kwa ugomvi wa aina hiihii ya shamba na ng'ombe. Mambo haya hayaanzi na mishale, yanaanza na ng'ombe wachache kupita kwenye mazao na mtu mmoja kuchapwa.

Yule mwenye ufuta nimeongea naye. Ni kijana mstaarabu, kanionesha karatasi yake, kauziwa hizo ekari na amelipa, mwenzangu mwenye njaa ya kutafuta maisha. Aliyemuuzia ndiye wa kuulizwa. Mimi sina ushahidi kwahiyo simtaji mtu, ila nadhani mambo yaliharibika baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, watu waliahidiwa ardhi, na ardhi pekee iliyokuwa haina mwenyewe machoni mwao ni yetu. Na bei ya ufuta ilipopanda ndio kabisa, kila bonde likapata mnunuzi. Labda nakosea kwa hili. Ila ukweli mmoja uko wazi, bikoni zingekuwepo asingeuziwa, na asingeuziwa ng'ombe wasingepita kwenye ufuta wake, na mimi nisingelala kwenye boma la kata nasikiliza ng'ombe wanalia. Na nikisema hivi naambiwa wafugaji mna jeuri ya pesa.

Mwanzoni nilitaka kuomba mengi. Josho, lambo, pesa yangu, matibabu ya kijana, yule aliyemchapa achukuliwe hatua. Mke wangu kaniambia ukiomba mengi watachagua kukujibu lile jepesi, watakwambia suala lako la josho linafanyiwa kazi. Basi yote hayo nayaweka pembeni, hata ile pesa, ikae huko ilikokwenda.

Naomba bikoni. Mpima aje na ile ramani ya nyuma ya mlango, aipime njia kutoka vitongojini mpaka mtoni, alipime eneo la malisho, aweke mawe, mkulima ajue mwisho wake na mchungaji ajue mwisho wake. Aje kabla ya Desemba watu hawajaanza kuandaa mashamba, maana ufuta ukishaota mtasema tena tusubiri wavune. Kama tatizo ni mafuta, wafugaji tumekaa tumekubaliana tutachanga mafuta ya gari. Kama ni simenti ya bikoni tutanunua, kokoto na maji vijana watabeba. Chakula chake mpima na mahali pa kulala ni kwangu. Ninyi mlete mtu mmoja tu na kile kipimo chake, na mkiweza na wewe mwenyewe uje siku hiyo, na wale mgambo waje pia waoneshwe njia iko wapi.

Bikoni tu mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji, bonde la Mbwemkuru