Nilimwambia amenenepa, sasa hali chakula

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa kumi za alfajiri, usingizi umenipaa tena, na nataka nianze kwa kusema kwamba mimi si mama mbaya. Neno lenyewe nililitamka mara moja tu, Mombasa, siku tuliyokuwa tukijaribu nguo za arusi ya mdogo wangu: "Mashallah, umenenepa." Wewe unajua kwamba kwetu hiyo ni sifa. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo tangu utotoni na nikafurahi. Mtoto wangu, aliyezaliwa huku Uingereza, alilisikia vingine, lakini ningejuaje?

Sasa ana miaka 15, amekonda hadi mikono imeota vinyweleo laini vya malaika, na kliniki wanasema moyo wake unapiga polepole kupita kiasi. Walituandikisha katika mafunzo ya wazazi, yanayofuata njia iliyotoka hospitali ya Maudsley, London, ambayo hufundisha kwa mifano ya wanyama: kifaru ni mzazi anayemvamia mtoto kwa hoja na hasira, kangaruu humficha mfukoni asiguswe na lolote, mbuni huzika kichwa mchangani, na anayetakiwa ni pomboo, ambaye huogelea ubavuni mwa mtoto akimsukuma taratibu. Niliyaandika yote daftarini. Tukaambiwa pia kwamba wazazi sio chanzo cha maradhi haya ya kujinyima chakula, nami nikalia kwa faraja. Hapo mume wangu, ambaye alihudhuria siku hiyo moja tu, akainua mkono na kusema mbele ya watu wote, "Lakini yeye ndiye aliyemwambia amenenepa."

Huyo ndiye mbuni mwenyewe, Shangazi, ambaye chakula kikiandaliwa hukumbuka kwamba gari halijaoshwa.

Nafanya nilivyofundishwa. Milo mitatu na vitafunio vitatu kila siku, nimeketi mbele yake, sibishani naye kuhusu chakula. Jana jioni alilikata hamri moja vipande 14, akavifuta mafuta kimoja kimoja kwa tishu, na kimoja kikapotelea ndani ya mkono wa sweta. Nilikiona. Nilipaswa kusema kwa utulivu kwamba naona ni vigumu, na kwamba nipo naye, tuendelee. Badala yake nilipiga meza, nikamwambia kuna watoto wanaolala njaa. Akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Si wewe uliyesema nimenenepa?" Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, wala hakufungua kinywa.

Mama mkwe anataka nimpeleke Mombasa, kwa kuwa eti ni baridi na simu za huku zilizomharibu, na akifika kwake atakula tu. Nimekataa, maana matibabu yake yako huku, ingawa usiku kama huu natamani nimkatie tiketi. Wiki ijayo ni somo la mwisho. Namtaka mume wangu awepo, kwa sababu tunahimizwa wazazi tuwe na kauli moja mezani, lakini akija sitaki aketi karibu nami. Na huyu mtoto, je, nimwombe radhi kwa neno lile, au nikiomba ndiyo nitakuwa nimekiri kwamba ugonjwa niliuleta mimi? Nilianza na mashallah, Shangazi. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Mama asiyelala,
Leicester