Rafu za kuumulia mikate zihesabiwe kabla ya kununuliwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaofungua viwanda vidogo vya mikate, hasa vikundi vya akina mama na vijana vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Katika manunuzi yao oveni hupewa uzito wa kwanza, mashine ya kukandia hufuata, na rafu za kuumulia, yaani fremu za magurudumu zinazobeba trei za madonge yanapoumuka, huja mwisho kwa fedha iliyobaki. Hapo ndipo mradi unapoanza kuvuja. Mkate wa nusu kilo hukaa ndani ya oveni kama nusu saa tu. Kwenye rafu hukaa saa nzima ukiumuka, na kama hakuna mahali pengine pa kuupozea, hukaa saa mbili zaidi. Kifaa kinachobeba mkate muda wote huo hakistahili kuchaguliwa kwa kuangalia bei peke yake.

Jambo la kwanza ni trei, na trei huamuliwa na oveni. Oveni nyingi zinazotoka Ulaya na China hutumia trei ya sentimita 60 kwa 40. Za vipimo vya Marekani hutumia inchi 26 kwa 18, yaani karibu sentimita 66 kwa 46. Ukichanganya vipimo hivyo viwili, rafu yako itapokea trei ambazo oveni haizipokei, na madonge yaliyokwisha kuumuka itabidi yahamishwe kwa mkono. Donge lililojaa hewa likihamishwa linashuka, halipandi tena vizuri. Kwa oveni ya kuzunguka, ambayo rafu nzima huingia ndani, lazima pia mpime jinsi inavyoshika rafu: nyingine huinyanyua kwa ndoano ya juu, nyingine huizungusha juu ya sahani ya chini. Rafu ya aina moja haikai kwenye oveni ya aina nyingine. Basi msilipie rafu kabla hamjapata vipimo vya oveni kwa maandishi.

Kinachowaponza wengi zaidi ni nafasi kati ya reli na reli, yaani vyuma vya pembeni ambavyo trei hukalia. Muuzaji husema rafu yake ni ya trei 15. Ni kweli, ila reli zake zimepishana sentimita 10, na nafasi hiyo ni ya skonzi na maandazi ya kuoka. Kopo la mkate wa nusu kilo lina kimo cha karibu sentimita 10. Donge huumuka na kupita ukingo kwa sentimita 2, trei ya juu yake huning'inia sentimita 2 chini ya reli, na lazima ibaki sentimita 2 za hewa. Jumla ni 16. Kama rafu hiyo hiyo inaingia kwenye oveni ongezeni 2 tena, kwa kuwa mkate hupanda kwa mara ya mwisho unapopata joto. Ukilazimisha makopo kwenye rafu ya sentimita 10 utaruka reli moja moja, na trei 15 zitakuwa 8. Kila trei ikibeba makopo 8, mkononi una mikate 64 mahali ulipotarajia 120. Kwa mikate ya makopo agizeni reli 9 za sentimita 16 hadi 18 kwenye rafu ya mita 1.8, mpate mikate 72. Anayeoka mikate na skonzi pia anunue rafu mbili za aina tofauti, au rafu ambayo reli zake zinahamishika.

Sasa idadi. Wengi huuliza, "Rafu ngapi zinatosha?" Jibu halitokani na ukubwa wa chumba. Chukueni dakika zote ambazo rafu moja inashikiliwa na kazi, gawanyeni kwa dakika zinazopita kati ya uokaji mmoja na unaofuata. Tuseme oveni inapokea rafu moja kila dakika 40. Kupanga madonge ni dakika 15, kuumuka 60, kuoka 30, kutoa mikate kwenye makopo 15. Hizo ni 120. Gawanya kwa 40, unapata rafu 3, ongeza moja ya dharura na ya kuoshwa: 4. Lakini kama mikate inapozwa kwenye rafu zizo hizo kwa saa mbili, dakika zinakuwa 240, rafu 6 na ya akiba 7. Ndiyo sababu tunashauri mikate ipozwe kwenye vichanja vya waya vya bei nafuu, na rafu nzuri zirudi kazini.

Hesabu hiyo ifanyeni kwa miezi ya baridi, msiifanye kwa Januari. Joto la Mtwara na Lindi wakati wa kaskazi linakaribia lile ambalo hamira inalipenda, nyuzi 35 hadi 38, na unyevu wa pwani upo. Chumba chenyewe kinakuwa kabati la kuumulia bila umeme. Juni hadi Agosti, kusi inapovuma, alfajiri hupoa, na donge lililohitaji saa moja linaweza kutaka saa moja na nusu. Walio Newala juu ya uwanda wa Makonde wanaijua baridi hiyo zaidi ya sisi wa pwani. Dakika 120 zinakuwa 150, rafu 3 hazitoshi tena, mnahitaji 4 na ya akiba ya 5. Asiyeliona hilo huanza kuingiza kwenye oveni madonge ambayo hayajaiva kuumuka, mkate unapasuka ubavuni na ndani unakuwa mzito. Mteja hulaumu unga wa ngano, kumbe ni upungufu wa rafu. Walio na wateja wengi msimu wa korosho au mwezi wa Ramadhani wapige hesabu kwa idadi ya mikate ya wakati huo.

Tukija kwenye chuma, bahari ndiyo inayochagua. Hewa ya Mikindani, Mtwara mjini, Lindi na Kilwa ina chumvi, na kiwandani kuna mvuke. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi huvimba rangi kwenye maungio, kisha maganda huangukia mkate. Bomba la mabati nalo lina hila yake: fundi akilichomelea, zinki inaungua pale pale penye kiungo, kwa hiyo kutu huanzia kwenye sehemu inayobeba uzito. Moshi wa zinki hiyo pia humletea fundi homa. Aluminiamu ni nyepesi na inavumilia pwani kwa kuumulia tu, ila hupinda ikigongwa, mafundi wanaoweza kuichomelea ni wachache, na magadi makali ya kuoshea huila.

Stenlesi ndiyo bora, lakini ziko daraja tofauti na wauzaji hawazitaji. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Ya 201 imepunguzwa nikeli ikaongezwa manganizi. Ikiwa mpya inang'aa sawasawa na mwenzake, ikikaa na chumvi huanza vidoa vya kutu mapema. Jaribio la sumaku linalofanywa dukani halitoshi kabisa. Sumaku hukamata stenlesi ya daraja jingine, la 430, lakini hailikamati 304 wala 201, hivyo anayekuonyesha sumaku isiyonasa hajakuthibitishia kitu. Dai cheti cha kiwanda kilichotengeneza chuma, au tumia dawa ya matone inayobainisha manganizi. Kwa Masasi, Nachingwea au Ruangwa, mbali na chumvi, 201 inayooshwa na kukaushwa kila siku inaweza kuvumilika. Kwa pwani hapana, hata kama bei yake inashawishi.

Anayetengenezesha kwa fundi wa hapa hapa, na hilo ni jambo jema kwa kuwa matengenezo yatakuwa karibu, ampe masharti haya. Nguzo ziwe bomba mraba la milimita 25 lenye unene usiopungua 1.2. Achomelee kwa gesi ya argoni na waya wa stenlesi, na brashi yake iwe ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwa maana vumbi la chuma likibaki kwenye stenlesi linashika kutu na watu hudhani wameuziwa chuma bandia. Ncha zote za bomba zizibwe. Bomba lililo wazi hukusanya maji na unga, na mende huzaliana humo. Nafasi kati ya reli mbili zinazotazamana izidi upana wa trei kwa milimita 5 hadi 10 tu. Ikizidi zaidi, trei inadondoka upande mmoja. Nyuma kuwe na kizuizi ili trei isipitilize. Siku ya kupokea, pimeni kona kwa kona katika mshazari: vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 5, rafu imekaa upande. Halafu ingizeni trei katika kila reli, ya juu hadi ya chini, msiridhike na ya katikati.

Magurudumu yanadharauliwa sana. Rafu yenye mikate 72, kila donge gramu 560 na kopo kama gramu 400, pamoja na trei 9 na chuma chenyewe, inafika kilo 108 hivi. Msigawanye kwa magurudumu manne. Sakafu zetu hazijanyooka, mara nyingi moja huwa hewani, kwa hiyo gawanyeni kwa tatu: kilo 36. Kisha nunueni linalobeba mara mbili yake, kwa sababu ya mshtuko wa kizingiti. Kipenyo kisipungue milimita 125. Dogo hukwama kwenye ufa wa sakafu, na mtikisiko mmoja unatosha kuangusha mikate iliyokwisha kujaa hewa. Kama rafu inaingia kwenye oveni, magurudumu ya mpira au nailoni ya kawaida hayafai. Ulizeni yaliyotengenezwa kuhimili nyuzi 250 na zaidi.

Rafu bila jalada ni nusu ya rafu. Upepo wa feni au wa mlangoni ukipiga donge, juu yake panakauka pakawa na ngozi, nayo hulizuia lisipande na kuufanya mkate utoke na rangi ya kijivu yenye nyufa. Jalada la nailoni nene lenye zipu linatosha. Miezi ya kusi wekeni sufuria ya maji ya moto chini, ndani ya jalada. Wakati wa kaskazi msiiweke, unyevu ukizidi matone huangukia madonge na ganda la mkate linatoka na malengelenge. Pangeni trei kuanzia chini kwenda juu: hewa ya moto hupanda, kwa hiyo trei za chini zinahitaji kutangulia, na rafu yenyewe haitapinduka kwa kuelemewa juu. Kipimo ni kidole. Ukibonyeza donge, shimo likirudi polepole na kuacha alama kidogo, lipelekwe kwenye oveni. Lisiporudi kabisa, limepitiliza.

Usafi nao, kwa ufupi. Maji ya sabuni, kusuuza, kukausha. Dawa za kufulia zenye klorini hutoboa stenlesi vishimo vidogo, ziacheni. Mara moja kwa wiki futeni kwa siki iliyopunguzwa maji, kisha suuzeni. Joto letu linawapenda bakteria wanaoufanya mkate uvute nyuzi ndani na kunuka kama tunda bovu. Mbegu zao hazifi kwenye oveni, na rafu chafu huzisambaza kutoka uokaji mmoja hadi mwingine.

Tunawaomba maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi ya mikopo wasipokee ankara kifani iliyoandikwa "rafu ya mikate, 3" basi. Iandikwe vipimo vya trei, idadi ya reli na nafasi kati yake, daraja la chuma, kipenyo cha magurudumu na uzito ambao yanabeba, na kama rafu inaingia kwenye oveni au haiingii. Ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, za Mtwara na Lindi zinaweza kuwasaidia kuzisoma.

Waokaji na mafundi wa vyuma,
Mtwara