Siku tisa za kununa

Uyole, Mbeya
Julai

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, jiko la mkaa liko miguuni, na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Watoto hawajambo. Baba yao anakusalimu, na anasema niwakumbushe ninyi watu wa Kaimosi, huko Kenya, kwamba wamisionari wenu walifika 1902 wakati Wamoravian tulikuwa Rungwe tangu 1891. Anaona ushindi huo wa miaka 11 ni mkubwa sana. Mwache.

Uliniuliza ile amani ya Marafiki, dhehebu lenu la Quaker, niliyosema nitaijaribu nyumbani imefikia wapi. Imefikia jikoni, dada, na ikaniaibisha hapo hapo.

Unamkumbuka wifi yangu, yule anayekaa nasi tangu mumewe afariki? Shamba letu la viazi kule Isyonje tunalima pamoja, yeye anasimamia mavuno kwa sababu mimi niko shuleni. Mwezi uliopita nilirudi jioni nikakuta viazi vimeshauzwa. Magunia 18, yote lumbesa. Sijui kama huko kwenu mnalo neno hili. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu yake viazi vinapangwa tena na kufumwa kwa kamba mpaka gunia linaota kichwa cha pili. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100 na lipimwe kwenye mizani, lakini dalali anakuja na kamba, hana mizani. Mkulima analipwa gunia moja, viazi vya ziada vinapanda lori bure kwenda Dar es Salaam.

Nilitaka kupiga kelele. Nikajizuia, nikasema "sawa", nikaingia ndani. Na hapo ndipo nilipojidanganya. Nilijiambia kwamba nimefanya kama Marafiki: nimenyamaza, sijarusha neno. Nikaendelea kunyamaza siku tisa. Chai yake naiweka mezani, simwiti. Akinisalimia naitikia kwa pua. Jumapili tulitembea kwenda kanisani kila mtu upande wake wa barabara, kama bajaji zinazopishana. Na ndani ya moyo nilikuwa najipongeza! Siku ya tisa alikuwa anamenya viazi, akaweka kisu chini, akasema, "Wifi, bora unitukane, nijue najibu nini."

Nilikosa pa kuangalia. Wewe na mimi tulipokaa chumba kimoja kule Iringa, zile jioni za Jumapili ulizonifundisha kukaa kimya dakika kumi kila mtu kitandani kwake, ukimya ule haukuwa hivi. Ulinieleza kwamba Kaimosi mnaimba na kuhubiri kama sisi tu, ila wenzenu wa Uingereza wanakaa hata saa nzima bila mchungaji, wakisikiliza. Wakisikiliza, dada. Mimi siku zote tisa sikumsikiliza mtu yeyote. Nilikuwa nimenuna, basi. Kwetu mtoto akinuna anachapwa, mtu mzima akinuna anaitwa mvumilivu.

Usiku ule nikamkumbuka yule John Woolman uliyenisimulia, wa New Jersey, fundi cherehani. Kijana bado, mwajiri wake akamwambia aandike hati ya kuuza mwanamke mtumwa. Akaandika, lakini akasema mbele yao kwamba jambo hili haliendani na Ukristo. Baadaye alikuja kuwa anakataa kabisa kuandika hati za namna hiyo. Na alipokuwa akisafiri na kufikia kwa Marafiki wenye watumwa, alikula nao meza moja, akazungumza nao kwa upole, na akaacha pesa za kuwalipa wale watumwa waliomhudumia. Zamani nilidhani sifa yake ni upole. Sasa naona alikuwa anasema, na alikuwa anasema akiwa bado ameketi nao. Alifariki 1772, na 1776 Marafiki wa Philadelphia wakapiga marufuku mwenzao yeyote kumiliki mtumwa. Najua hakuwa peke yake. Lakini fikiria kama angenuna.

Kesho yake nikavuta kigoda nikakaa karibu na wifi, nikachukua kisu cha pili. Nikamwambia iliniuma, na kwamba siku tisa hizi nimekosa mimi. Halafu nikajaribu ile desturi yenu ya kumuuliza mtu maswali tu, bila ushauri, na swali lisiwe mtego. Jaribu kwa wifi yako uone. Swali la kwanza lililonijia lilikuwa "Hivi hukujua kama ni wizi?" Nikalimeza. Nikamenya kiazi kizima kabla sijapata lingine: "Siku ile dalali alipofika, ilikuwaje?"

Akaniambia. Mvua ilikuwa imevikuta viazi vikiwa vimeshang'olewa. Lori lilikuwa moja tu. Dalali akasema kama hataki lumbesa, jirani anataka. Mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango, na mimi hakuniambia kwa sababu, alisema, "ningekwambia ungelipa, halafu ningekuwa mgeni zaidi." Neno hilo bado linanikaa shingoni.

Kisha akauliza la kwake: "Na mwaka juzi, wewe ulipouza nikiwa msibani, ulipima?"

Sikupima, dada. Niliuza lumbesa, na sikumwambia mtu. Ningeweza kusema mwaka ule bei ilikuwa nzuri. Nikasema, "Hapana, sikupima." Tukanyamaza wote wawili mpaka sufuria likajaa.

Usidhani tumekuwa malaika. Hajaniomba radhi, wala sidhani ataniomba, na juu ya bei bado tunapishana. Mume wangu nilimsimulia lile tamko la Marafiki kwa Mfalme Charles II, 1661, kwamba hawatashika silaha kamwe, akacheka akasema kumwambia mfalme ni rahisi, mfalme haishi nyumba moja na wewe.

Magunia 11 ya mwisho bado yako shambani. Tumeazima mizani kwa jirani, ile ya kutundika, na tumekubaliana tutasimama wote wawili pale, mimi naomba ruhusa shuleni. Wifi anasema dalali ataondoka na lori lake tupu. Inawezekana. Anakuja Alhamisi.

Nisalimie mama, na unitumie zile mbegu za mboga ulizoniahidi.

Ndimi dada yako wa Uyole