Mpwa wangu, anza na mtoto wa mwisho darasani

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Hongera kwa kukabidhiwa ofisi ya taaluma. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: upandisheje matokeo ya kidato cha nne, na uanzisheje huduma kwa jamii ambayo bodi ya shule yenu ya kanisa imeiagiza, bila hiyo huduma kuyala masaa ya kusoma. Nakujibu hadharani kwa sababu walimu wengi wa shule za dini wanaulizana hayo hayo. Mimi naona umeuliza swali moja tu.

Nianze na lisilopendeza: mchujo. Shule nyingi binafsi, za dini zikiwemo, zimejiwekea wastani wa kuvuka darasa, hapa 45, pale 50. Asiyeufikia huambiwa akariri au atafute shule nyingine. Wapo wanaosukumwa hadi kidato cha nne kisha wakasajiliwa kituo kingine cha mtihani, ili alama zao zisiguse wastani wa shule. Serikali imelikemea jambo hilo mara nyingi na bado lipo. Ukilikuta kwenu, usipeleke mwanafunzi yeyote kuhudumia jamii kabla hujalishika hilo. Binti aliyemwona mwenzake wa kitanda cha juu akifunga tranka lake mwezi wa Desemba kwa sababu ya 48, hawezi kukuelewa Januari ukimwambia twende tukawahudumie wanyonge. Ameshaona mnyonge anavyofanywa.

Mkuu wako atakujibu kwamba wazazi wanataka kuona majina makubwa. Mkumbushe kwamba tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) halitangazi tena shule kumi bora wala mwanafunzi bora. Orodha iliyowafanya watu wakate mkia wa darasa ili kichwa kionekane haipo tena. Kilichobaki ni kila mtoto na cheti chake.

Sasa chukua karatasi tupige hesabu, maana hoja ya huruma peke yake haitakupitisha kwenye kikao cha walimu. Daraja la kidato cha nne linatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili. Mwanafunzi mwenye B mbili na C tano ana pointi 19. C mbili zikigeuka B anashuka hadi 17, na hilo ni daraja la kwanza. B inaanzia 65. Kwa hiyo mwenye 61 ya Jiografia na 62 ya Kiswahili anadaiwa alama saba tu kwa jumla. Huku chini ni vivyo hivyo: D inaanzia 30, na mwenye 27 ya Hisabati amepungukiwa alama tatu, si akili.

Tengeneza jedwali la kila darasa: jina, somo, alama, na alama zinazokosekana kufikia gredi inayofuata. Lipange kwa safu hiyo ya mwisho, usilipange kwa nafasi. Utashangaa. Watoto wanaoitwa wazito mara nyingi wako karibu na mstari kuliko wale wa katikati ambao hakuna anayewaangalia. Na kumbuka kwamba alama za maendeleo huchangia 30 kati ya 100 za mtihani wa mwisho, ukiwemo upimaji wa kidato cha pili. Aliyeachwa kidato cha pili huwezi kumfufua kwa kambi ya Septemba ya kidato cha nne.

Huduma ya kwanza, basi, iwe humo humo darasani. Prepo mbili kwa wiki, yaani vipindi vya kujisomea jioni, tuseme Jumanne na Alhamisi, tenga dakika 40 kwa vikundi vya watu wanne wanne: mmoja aliye imara katika somo hilo na watatu wanaodaiwa alama. Sharti ni moja nalo ni gumu kulisimamia: aliye imara hashiki kalamu. Anauliza, anasikiliza, anarudisha nyuma. Anayeandika ni yule anayejifunza, na anaeleza kwa sauti anachoandika. Ukilegea hapo, mwenye uwezo atafanya swali, wenzake watanakili, kikundi kitafurahi sana na mtihani hautabadilika hata kidogo. Wape maswali matatu yaliyowashinda kwenye jaribio la wiki iliyopita, wasianze mada mpya. Mwalimu wa zamu apite na kumnyooshea kidole yeyote aeleze, kila siku mtu mwingine. Badilisha vikundi kila baada ya wiki sita.

Na hakikisha kila anayeongoza kikundi kimoja anaongozwa katika kingine. Bingwa wa Fizikia akae chini ya mwenzake kwenye Kiswahili. Vinginevyo mwezi wa pili utakuwa umezaa kundi linaloitwa "wa kusaidiwa", na watoto wana majina ya utani makali zaidi ya hilo.

Hilo likishika kwa muhula mzima, toka nje ya geti. Usitoke mbali. Tafuta shule ya msingi ya serikali iliyo mwendo wa miguu, kilomita mbili zisizidi, kwa sababu siku ambayo huduma inategemea gari ndiyo siku huduma itakapokufa. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kabla ya kuandika barua, umuulize anahitaji nini. Wengi watakuambia habari ya KKK: kuna watoto wa darasa la tatu ambao kusoma, kuandika na kuhesabu hakujakaa, na darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa. Mkishakubaliana ndipo uandike barua, nakala kwa afisa elimu kata, na fomu ya ridhaa kwa wazazi wa pande zote mbili.

Idadi iwe ndogo. Wanafunzi wako 12, watoto 24, walimu wawili, mmoja wako na mmoja wao. Dakika 90 Jumamosi asubuhi, vipindi kumi kwa muhula, watoto wale wale na walimu wadogo wale wale. Watu hupenda kubadilisha zamu ili kila mwanafunzi aonje. Kataa. Mtoto wa darasa la tatu anahitaji wiki tatu kukuzoea kabla hajakubali kusoma kwa sauti mbele yako. Ukimletea sura mpya kila Jumamosi atabaki akinong'ona. (Kama ungekuwa shule ya Waadventista Jumamosi ingekuwa haiwezekani, ya Kiislamu ingekwepa mchana wa Ijumaa. Siku haina utakatifu wake, mradi isibadilike.)

Utaulizwa hiyo inasaidia vipi matokeo. Waonyeshe hili. Binti wa kidato cha tatu amekaa na mtoto wa darasa la tano, swali ni nusu jumlisha theluthi. Mtoto ameandika 2/5: kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Binti anamwambia tafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, ni 6. Mtoto anauliza, kwa nini sita? Binti ananyamaza. Kanuni anayo tangu utotoni, sababu hana. Sasa mwalimu wako asimwokoe haraka. Ampe ukanda wa karatasi aukunje sehemu sita sawa. Nusu ni vyumba vitatu, theluthi ni viwili. Paka rangi, hesabu: vitano kati ya sita. Kisha amuulize mtoto, hiyo 2/5 yako ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukabaki na pungufu ya nusu, inawezekanaje? Hapo wote wawili wanacheka, na wote wawili wamejifunza. Binti huyo atakaporudi kwenye sehemu za aljebra hatakariri tena.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Wako wanasoma kwa Kiingereza, wale wa msingi kwa Kiswahili. Inambidi binti aitafutie hesabu yake maneno: kiasi, asili, sehemu guni. Anayeweza kueleza jambo kwa lugha mbili amelielewa. Aliyelikariri hukwama kwenye neno la kwanza.

Wakirudi, robo saa ya daftari kabla ya chakula. Maswali matatu: mtoto wako alikwama wapi, ulijaribu nini, wiki ijayo utaanzia wapi. Anayeandika "nimejifunza kuwapenda wasiojiweza" mrudishie daftari. Anayeandika "anasoma 'mbwa' kama 'buwa', herufi mbili za mwanzo zinamchanganya, nitakuja na mba, mbe, mbi" huyo umpongeze mbele ya wenzake. Kipimo kiwe rahisi: siku ya kwanza kila mtoto asome aya ya sentensi tano, uandike makosa, siku ya kumi asome aya nyingine ya uzito huo huo. Matokeo ayasome mwalimu mkuu wa shule ya msingi kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni watoto wake.

Usalama usiuache kwa matumaini. Hakuna mwanafunzi wako kubaki peke yake na mtoto, mlango wazi muda wote, majina yaandikwe wakitoka na wakirudi, sanduku la huduma ya kwanza libebwe. Picha za sura za watoto zisipigwe. Najua ofisi ya uhusiano ya shule itazitaka kwa ajili ya kalenda. Jibu ni hapana, na ulitoe mapema.

Yatakayokuharibia ni haya. La kwanza, kugeuza huduma kuwa adhabu: aliyechelewa prepo akafagie zahanati. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kazi iwe sehemu ya elimu, lakini shule ngapi zilifika mahali EK ikawa jembe la mkosaji? Mtoto aliyeadhibiwa kwa kazi ataidharau kazi, na atamdharau anayeifanya kila siku. La pili ni tukio: Coaster mbili, mifuko ya unga, sabuni, bango, kwaya, nyumbani saa kumi. Wazee wa kituo wanashukuru, maana wana adabu, halafu wanasubiri mwaka mwingine. Ukilazimishwa kuwa na siku kama hiyo iwe nayo, ila isiitwe mpango wa huduma.

La tatu ni walimu. Mwalimu anayetoka Jumamosi apunguziwe zamu ya bweni na apate chakula chake. Usipolipanga hilo kwenye ratiba kwa maandishi, wiki ya nne utajikuta peke yako. La nne ni kidato cha nne: waondoe mwishoni mwa Julai, mtihani wao ni Novemba, na mzigo ubebwe na kidato cha tatu. Kidato cha kwanza wabaki ndani ya uzio wakisaidiana wao kwa wao.

Na la dini. Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, aliwaambia waliosoma katika shule zao, Valencia mwaka 1973, kwamba lengo la elimu hiyo ni kulea watu wanaoishi kwa ajili ya wengine. Waliomsikiliza hawakufurahi wote, kwa sababu aliwauliza kama shule hizo zilikuwa zimewalea hivyo kweli. Nakutajia hilo ili ujue swali lako ni la zamani na limewaumiza wakubwa. Kwenye shule ya msingi, mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo watakaa benchi moja. Wanafunzi wako wasihubiri pale, wasigawe vijitabu, wasimwombee mtoto ambaye mzazi wake hakuombwa ruhusa. Waislamu waliomo shuleni kwenu nao wawe kwenye hao 12; kutoa hakukuanzia kwetu wala hakukuishia kwetu.

Ukifungua ofisi Jumatatu, kabla ya jedwali na kabla ya barua yoyote, omba kwa karani mafaili ya waliochujwa Desemba. Namba za wazazi zimo. Wengine bado wako nyumbani, hawajapata shule. Mwombe mkuu wako akuruhusu kuwapigia, umwahidi vikundi vya Jumanne na Alhamisi, na uandike majina yao juu kabisa ya jedwali lako.

Mama yako anakusalimu.

Mjomba wako