Nimenunua kadi, sasa naomba prosesa

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu kwako, na yale mengine ya mwanzo wa barua unayajua, leo yapite mbio maana nina shida. Najua nimekaa kimya miezi mitatu. Sikuwa na kazi nyingi wala nini, ni aibu tu. Uliniambia kwenye kompyuta yangu ya gemu nianze kubadilisha prosesa, ubongo wake, nikaitikia "sawa sawa" kama mtu mwenye akili, kisha nikaenda kununua kadi ya grafiki, ile inayochora picha. Mdogo wako aliiona mezani. Nikamsihi asikwambie. Amekwambia, siyo?

Ni RTX 3060, ile ya GB 12. Ile kadi yangu ya zamani, GTX 1050 Ti, unaikumbuka, kifeni kimoja na vumbi lililogandamana kama sufi. Hii ina feni mbili na urefu wake ulinifanya ning'oe kishikio cha diski ili ienee ndani ya kasha. Nikaikandamiza mpaka kile kikulabu cha mwisho wa tundu kikalia "ta", nikawasha. Skrini nyeusi. Nikaichomoa, nikairudisha, nikapuliza, nikaomba dua. Nusu saa nzima! Kumbe katika kupapasa huko nyuma waya wa skrini, HDMI, nimeuchomeka kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi, na prosesa yangu, Ryzen 3 1200, haina hata chembe ya grafiki ndani yake. Usicheke kwanza, bado.

Ile 1050 Ti ilikuwa inaridhika na wati 75 za tundu lenyewe, haidai waya. Hii inataka 170, kwa hiyo lazima ichomekwe mkia wa pini 8, na pawa saplai yangu ya zamani, kile kisanduku kinachogawa umeme, haikuwa nao. Badala ya kusubiri nikatafuta kiunganishi cha kugeuzia, kile kinachovuta umeme kwenye plagi za diski. Dakika kumi ndani ya pambano la gemu, kompyuta ikazima kwa mpigo na chumba kikanuka plastiki ya kuungua. Nilipochomoa, plagi ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja. Hapo nilitetemeka, sikufichi. Sasa nina pawa saplai ya wati 550, kiasi ambacho NVIDIA wenyewe wanakipendekeza kwa kadi hii, na Fundi Mrefu ameshanibatiza jina: Zimamoto.

Haya, baada ya hasara yote hiyo, gemu lilelile, mtaa uleule wenye watu wengi: fremu, yaani picha, 48 kwa sekunde. Kwa kadi ya zamani nilikuwa napata 41. Fremu saba, sahibu! Na kukwamakwama kuko palepale, ukigeuza kona picha inashtuka kama gari lililokanyaga shimo.

Nikafuta draiva zote, programu zinazoiendesha kadi, nikaweka upya. Wapi. Ndipo nikafanya ulichoniambia tangu mwanzo, kufungua vipimo vya kazi ya kadi na prosesa pembeni ya skrini nikiwa nacheza. Kadi asilimia 45, prosesa kiini cha kwanza 100, cha pili 100, cha tatu na cha nne vivyo hivyo. Nikashusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, na fremu hazikusogea hata moja. Sikuhitaji ushahidi mwingine: prosesa ndiyo inayoikwamisha kadi. Nimeajiri fundi cherehani hodari, lakini mkata vitambaa ni yuleyule mzee wa mkasi butu. Fundi amekaa, miguu juu ya kanyagio, anasubiri kipande.

Kitu kimoja kimenifurahisha lakini. Kwa kuwa kadi imekaa bure, nikapandisha ubora wa picha hadi mwisho, na fremu zikabaki 48. Sasa lami ina madimbwi na majani yana umande. Vya kupunguza ni umbali wa kuona na wingi wa watu barabarani, maana hivyo ndivyo vinavyoitesa prosesa. Na nilipoingia kwenye BIOS, programu ya ubao inayoiamsha kompyuta, nikakuta RAM yangu, kumbukumbu ya kazi, imekuwa ikitembea kwa kasi ya 2133 miaka yote, wakati imeandikwa 3000 ubavuni. Nimewasha XMP, mpangilio unaoiachia kasi yake iliyoandikwa, nikaokota fremu nne. Miaka yote, nami najiita mjuzi wa kompyuta.

Sasa shida yenyewe. Ile prosesa yako, Ryzen 5 3600, uliyoichomoa ulipobadilisha ubao, bado iko kwenye droo? Viini sita, nyuzi kumi na mbili (kila kiini kinashika kazi mbili kwa pamoja), dhidi ya vyangu vinne vikavu. Sisemi unipe bure. Nikopeshe, au nikulipe kidogo kidogo, au uichukue 1050 Ti... hapana, hiyo mpwa wangu ameshaikalia.

Ubao wangu ni B450, tundu la prosesa ni AM4 lilelile, ila BIOS yake sijaigusa tangu ninunue. Najua lazima niisasishe kwanza nikiwa na prosesa hii ya zamani, ndipo nibadilishe. Ninachohofia ni umeme kukatika katikati, ubao ukageuka kigae. Baada ya ile plagi ya kahawia nyota yangu siiamini.

Kwa hiyo nijibu upesi. Ulipoichomoa, ulizungusha feni ya juu yake kwanza au uliivuta tu ikang'oka na prosesa imenata chini? Zile sindano 1,331 zimenyooka zote? Lile kasha lake la plastiki unalo, maana nisingependa isafiri ndani ya soksi kama ile RAM ya mwaka jana? Feni yake itakuja nayo, au nitumie hii yangu? BIOS uliisasisha mwenyewe au ulimpa mtu? Na shemeji bado amenuna kuhusu ile meza?

Mdogo wako mwambie nimemsamehe.

Wako,
Zimamoto