Wimbo uliouacha kwenye simu yangu

Lubumbashi, Katuba, Jumapili jioni

Mwanangu,

Jana Jumamosi uliazima simu yangu, ukairudisha bila kuufunga ule wimbo wa Lil Wayne, "Prom Queen". Nilikuwa mbele ya mbabula, jiko letu la mkaa, nasonga bukari, yaani ugali, mikono yote miwili kwenye mwiko, mara gitaa likalia kwa ukali kiasi cha kumwamsha mdogo wako. Nikakupigia kelele uzime uchafu ule. Ulizima, ukatoka nje, hukuniambia neno. Usiku nililala vibaya. Nilikuwa nimekata hukumu kabla sijasikia hata ubeti mmoja, na wewe uliliona hilo.

Basi nimeusikiliza. Kiingereza changu unakijua, ni kile nilichookota kwa madereva wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakifiki mbali. Nilimwomba mjomba wako akae nami na daftari aniandikie maana, mstari kwa mstari. Tuliusikiliza mara sita, mpaka chaji ikaisha.

Kwanza niseme kuhusu kelele, maana ndiyo iliyonikasirisha, na hapo nilikosea. Huyu Lil Wayne, Mmarekani, mjomba wako ananieleza, mwezi Juni 2008 alikuwa juu kabisa kwenye rapu. Albamu yake iliuza nakala zaidi ya milioni moja kwa wiki moja. Januari 2009 akatoa wimbo huu, akashika gitaa la umeme na kuimba roki. Mwaka uliofuata ikaja albamu nzima ya namna hiyo, na wahakiki wengi wakaichana. Mimi simlaumu. Roki yenyewe ilitoka mikononi mwa watu weusi, akina Chuck Berry na Rosetta Tharpe, na mtu akirudi kuchota kwenye kisima cha wakubwa wake, nimkataze nini? Babu yako alikuwa akiambiwa na majirani kwamba gitaa ni la walevi. Lakini gitaa la Mwenda wa Bayeke, lile lililorekodiwa mwaka 1952 hapo Likasi, enzi ikiitwa Jadotville, ndilo lililokuwa likimtuliza jioni akitoka shimoni mgodini. Kwa hiyo kelele nimeiondoa kwenye mashtaka. Uniwie radhi kwa neno "uchafu".

Nilitafuta pia kama kuna alama ya kumwonya mzazi. Alama hizo zina historia. Huko Marekani, mama mmoja, Tipper Gore, alisikia wimbo wa Prince aliokuwa nao binti yake, akashtuka. Mwaka 1985 yeye na wenzake wakalifikisha jambo mpaka Seneti, na ndipo kampuni za muziki zikaanza kubandika onyo kwenye kava za albamu. Namwelewa sana mama yule. Ila alama inakuambia kuna maneno makali humo ndani, basi. Haikuambii wimbo unampeleka wapi anayeusikiliza. Na hapa kwetu unakumbuka Novemba 2021, tume ya udhibiti wa nyimbo ilipoupiga marufuku "Nini Tosali Te", wimbo wa kundi la MPR, na kesho yake tu marufuku ikaondolewa. Ulikuwa na miaka 11, uliniuliza: "Mama, jana ulikuwa mbaya, leo umekuwa mzuri?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu safari hii nimeamua kusikiliza mwenyewe.

Sasa maneno. Mwanzoni kabisa kijana anataja nguo za ndani za msichana anayekaa mbele yake darasani. Mjomba wako alisita kuandika. Mimi nilimwambia aandike. Una miaka 15, nikijifanya sijui macho ya mvulana wa miaka 15 yanaona nini nitakuwa nakudanganya. Mstari ule haunipendezi, na sitaki usikike mbele ya mdogo wako wa miaka 9 anayerudia kila kitu mpaka kanisani. Lakini si huo ulioninyima raha.

Msichana anayeimbwa ni malkia wa dansi, ile sherehe ya kufunga sekondari huko kwao. Sisi hatuna malkia, sisi ni pudri, ile poda nyeupe, kichwani siku matokeo ya diploma ya sekondari yanapotoka, lakini darasa ni lilelile. Kijana anampenda, yeye hamtaki, ana watu wake. Hapo nilimhurumia yule kijana kwa moyo wote. Kisha mwishoni mambo ya msichana yanaharibika, wale aliowapenda hawapo tena, naye anakaa mlangoni kwa mwimbaji akilia. Na gitaa linapanda juu kwa furaha. Nilimwambia mjomba wako azime.

Sijawahi kukusimulia hili. Nilikuwa na miaka 17, mwaka wa tano wa sekondari. Kijana mmoja aliniandikia barua, nikamjibu kwa heshima kwamba sitaki. Mwaka 2003 babu yako akaondolewa kazini pamoja na maelfu ya wenzake wa migodini, nami nikaanza kuuza makala, yaani mkaa, kwa vifungu kando ya barabara baada ya masomo. Siku moja yule kijana akaja na rafiki zake watatu. Akanunua kifungu kimoja, akaangusha noti chini, kwenye vumbi la makala, ingawa mkono wangu ulikuwa wazi mbele yake. Akasema: "Ungenikubali, usingekaa hapa." Wenzake wakacheka. Niliinama nikaiokota, kwa sababu nyumbani hapakuwa na unga. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi, na mpaka leo nikishika makala naikumbuka ile noti.

Kwa hiyo mwanangu, wimbo huo wewe unausikia ukiwa ndani ya nyumba. Mimi niliusikia nikiwa nimekaa mlangoni.

Najua kwa nini unaurudia rudia. Tangu mwezi uliopita hupiti tena kwenye kona ya fundi cherehani kwenda shule, unazungukia kwenye reli, na hiyo ni dakika kumi zaidi. Sikuulizi jina lake. Ukikataliwa inauma, na maumivu yako hayana aibu yoyote mbele yangu. Lia, piga gitaa, imba kwa sauti hiyohiyo ya kukwaruza. Ila binti yule hakukuchukulia kitu. Alisema hapana, na hiyo ni haki yake, kama ilivyokuwa haki yangu. Usimwombee siku ya kulia mlangoni kwako ili upate kufurahi.

Wimbo sikukatazi. Kwa umri wako naona unaweza kuusikiliza, kwa sharti kwamba sehemu ya mwisho tuisikilize pamoja mara moja, uniambie wewe unaisikiaje. Huenda kuna kitu mimi na mjomba wako hatukukishika. Daftari liko chini ya redio, kuna mistari miwili ameiwekea alama ya kuuliza, wewe Kiingereza chako ni kizuri kuliko chetu.

Kesho nikitoka sokoni nitawasha mbabula saa kumi na mbili. Njoo na kiti, na ile spika yako ndogo, mdogo wako atakuwa kwa jirani.

Mama yako