Hundi ya pauni tisa

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kikundi chenu kitaigiza Justice ya John Galsworthy. Kabla hamjagawana nafasi, ishikeni kwanza ile hundi, maana mchezo wote umeiegemea. Karani Falder anataka kumtorosha Ruth, ambaye mumewe anampiga. Mikononi ana hundi ya pauni 9. Mwishoni mwa neno nine anaongeza ty, kwenye tarakimu anaongeza sifuri, imekuwa pauni 90. Kinachomuumbua ni kipande kinachobaki kwenye kitabu cha hundi: nacho kimechezewa, tena wakati karani mwenzake, aliyeshukiwa kwanza, alikuwa ameshapanda meli ya Australia. Mtazamaji asipoielewa hesabu hiyo mapema, kesi ya tendo la pili atasikia kelele za mawakili tu.

Mtihani wenyewe uko tendo la tatu, onyesho la tatu, Falder akiwa gerezani. Halina neno hata moja. Vipimo vya seli vimeandikwa: upana futi 13, kina futi 7, kimo futi 9. Chorani kwa chaki sakafuni, msijipunjie wala msijiongezee. Falder anasikiliza mlangoni, anarudia kushona shati, anaacha. Kifuniko cha kopo kinamponyoka. Kisha kwa mbali milango inagongwa, kishindo kinapita seli hadi seli, kinakaribia, mpaka naye anaupiga mlango wake kwa ngumi. Msiweke muziki hapo. Na Falder asilie mapema. Akilia, kile kishindo kinachokuja hakina kazi tena.

Mchezo ulitoka Februari 1910. Mwaka huohuo Churchill, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, akapunguza muda wa wafungwa kukaa peke yao. Galsworthy alisomea sheria na aliwahi kuingia magerezani. Ndiyo maana hapigi chuku.

Mwandishi H. G. Wells uliyeniulizia ana ufundi wa jamaa hiyo: jambo moja linabeba mengine yote. Katika The First Men in the Moon, riwaya ya 1901, anatuomba tukubali uongo mmoja: madini yanayozuia nguvu ya uvutano. Baada ya hapo ni mapazia tu ya madini hayo, kwenye tufe wanalosafiria kwenda mwezini. Tufe likifungwa lote halivutwi na kitu. Ukifungua pazia linalotazama mwezi, mwezi unakuvuta. Vitabu vyake vya baadaye huhubiri mno, usianze navyo.

Hundi iandikeni kwa wino, mkiacha nafasi baada ya nine. Anayejua kazi huchora mstari hapo, na mstari ukiwepo Falder hana pa kuandika.

Mama yako